Kodi ni ya Mwezi, Kibarua ni cha Siku: Panga Pesa Yako kwa Siku za Kazi

Mafunzo mengi ya bajeti huanza na mshahara wa mwisho wa mwezi. Lakini kwa wateja wetu wengi wa Changamwe, kuanzia Magongo na Chaani hadi Port Reitz, mshahara huo haupo. Leo umepata, kesho hujui. Unapakua mizigo kwenye godauni, unaendesha boda, unafulia watu nguo au unauza mahamri asubuhi. Pesa inaingia kwa siku, ila mwenye nyumba anataka yake kwa mwezi, tena yote kwa mpigo. Hapo ndipo hesabu inapovurugika, na hapo ndipo tunataka kusaidia leo.

Tukubaliane jambo moja kwanza: siku za kazi kuwa chache si uvivu. Kazi nyingi za Changamwe zinafuata mizigo ya bandari. Treni ya mizigo ya SGR ilipoanza mwaka 2018 na makontena yakaelekezwa Nairobi, yadi na malori ya huku yalipoteza kazi. Mwaka 2022 serikali ikaagiza shughuli hizo zirudi Mombasa. Uamuzi kama huo huwezi kuuzuia. Unachoweza ni kupanga bajeti inayojua kwamba kuna miezi mibovu.

1. Usigawe kodi kwa siku 30

Tuseme kodi yako ni shilingi 4,000. Wengi hugawa kwa 30 na kuona kwamba kuweka 133 kila siku kunatosha. Lakini ukipata kibarua siku 20 tu, utakuwa na 2,660. Umepungukiwa na zaidi ya 1,300, na hukuponda raha hata siku moja.

Badala yake, kumbuka miezi sita iliyopita. Mwezi mbovu kabisa ulifanya kazi siku ngapi? Kama ni 16, gawa 4,000 kwa 16. Unapata 250. Hiyo ndiyo pesa ya kodi kwa kila siku unayofanya kazi. Mwezi ukiwa mzuri ukafanya siku 20, utakuwa na 5,000. Ile 1,000 ya ziada usiiguse, ni ya mwezi ambao mizigo haitakuja.

2. Tenga kabla hujafika nyumbani

Tuseme siku inalipa 800. Pesa ikiingia tu kwenye simu, hamisha 250 ya kodi na 50 ya akiba ya dharura, ubaki na 500 ya chakula, nauli na maji. Usingoje jioni uone kitakachobaki, kwa sababu jioni hakibaki kitu.

Pesa ya kodi isikae pamoja na ya matumizi. Unaweza kutumia akaunti ya akiba kwenye simu. M-Shwari, kwa mfano, ipo tangu 2012 na ina sehemu ya kufunga pesa kwa muda unaouchagua. Kama una chama mnachoaminiana, omba zamu yako iangukie Januari, watoto wanapofungua shule.

3. Hesabu makato

Ndiyo, sisi ni kampuni ya malipo na tunaishi kwa makato. Lakini mteja ambaye pesa yake inaisha bila yeye kujua ilikoenda hatufai, wala sisi hatumfai.

Tutumie viwango vya M-Pesa vya mwaka 2023, ambavyo wengi mnavijua. Kutoa pesa kwa wakala, kuanzia 101 hadi 2,500, ni shilingi 29. Yaani ukitoa 500 unakatwa 29, na ukitoa 2,500 unakatwa hiyo hiyo 29. Anayetoa 500 kila jioni kwa siku tano analipa 145 kwa wiki. Kwa wiki nne ni 580. Na ile 29 ya kila siku inakula zaidi ya nusu ya ile 50 uliyotenga ya akiba. Bandu bandu huisha gogo.

Je, utoe 2,500 kwa mara moja? Ukijijua kwamba pesa ikiwa mfukoni haikai, usifanye hivyo. Toa mara mbili kwa wiki, utalipa 58. Na pale dukani penye till, lipa kwa simu moja kwa moja, kwa sababu mteja hakatwi. Ukimtumia mama nyumbani 200 mara tatu, unakatwa 21. Ukituma 600 kwa pamoja, ni 13. Viwango hubadilika, kwa hivyo angalia vya sasa kabla hujapiga hesabu yako.

4. Deni la simu lisile kibarua cha kesho

Fuliza, iliyoanza 2019, inaokoa mtu pale salio limepungua kidogo. Lakini pesa ikiingia, deni linakatwa kwanza. Ukifuliza leo jioni, kibarua cha kesho kinaanza kwa kulipa cha jana, na jioni unafuliza tena. Ukiona umefuliza zaidi ya mara mbili kwa wiki, rudi kwenye ile 500 uone ni nini kinachoizidi.

5. Kupima kuna bei yake

Kununua unga na mafuta ya kupima si kosa, ndiyo pesa iliyopo. Ila chukua bei ya kipimo chako, piga hesabu kilo nzima itakuwa ngapi, kisha linganisha na bei ya paketi. Anza na kitu kimoja tu unachokinunua kila siku. Wiki ukipata siku ya ziada, kinunue kwa jumla.

Usianze yote kwa pamoja. Leo usiku hesabu siku za kazi za mwezi wako mbovu kabisa, kisha gawa kodi. Namba hiyo iandike kwenye simu, na kibarua kijacho kikilipa, itenge kabla ya chai.