Mtoto ameomba ufunguo wa pikipiki

Juma hili tunataka kuzungumza juu ya jambo linalotusumbua sisi walimu na sisi wazazi wa Simi-Simi: vijana wetu wa miaka 14, 15 na 16 wanaoendesha pikipiki. Hatusemi juu ya vijana wa mbali. Kila jioni, jua likianza kushuka, tunawaona kwenye njia ya uwanja wa zamani wa ndege, shati la masomo bado mwilini, watu wawili nyuma, kaske hakuna. Mmoja ni mtoto wa jirani. Mwingine ni wetu.

Mwanafunzi wetu mmoja alikuwa na miaka 15. Noko wake anafanya taksi-moto, na saa za magharibi alikuwa anamwachia pikipiki ili yeye apumzike. Kijana alileta feza kidogo nyumbani. Mama yake hakuuliza sana, kwani feza ile ilinunua chumvi na sabuni. Siku moja baada ya mvua, kijana alimgonga msichana aliyekuwa anavuka njia na beseni ya mikate kichwani. Mguu wa msichana ulivunjika. Hakuna aliyekufa, tunamshukuru Mungu. Lakini jamaa ya msichana ilikuja kukaa uani kwa yule mama, si kwa noko. Mama alikuwa anauza mawese sokoni. Kwa majuma mawili mtaji wake wote uliishia kwenye dawa na plasta.

Wengi walishangaa: kwa nini mama alipe, na pikipiki si yake? Sheria inayohusu jambo hilo ni ya zamani sana, ni dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, kifungu cha 260. Inasema wazazi wanajibu juu ya hasara inayoletwa na mtoto mdogo anayekaa nao. Na mtoto mdogo ni nani? Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inasema ni kila mtu asiyetimiza miaka 18. Walimu nao wametajwa katika kifungu kile kile cha 260, kwa saa ambazo mwanafunzi yuko chini ya macho yetu. Kwa hiyo msifikiri tunaandika haya tukiwa tumekaa pembeni.

Sasa, kumkataza mtoto tu hakutoshi. Tumekataza miaka yote na bado wanaendesha. Tunaona kosa liko mahali pengine.

Sisi tuliokuwa watoto wakati majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana katika mji wetu, mwaka 2000, tunakumbuka toleka. Esanse ilikosa, magari yalisimama, na kinga ndizo zilizobeba watu na mizigo ya Kisangani. Kaka zetu walijifunza barabara kwa miguu kwanza, kisha kwa kinga, kwa nguvu za mapaja yao wenyewe. Walijua kukaa upande wa kuume, kunyoosha mkono kabla ya kukata kona, kumwachia njia mama mwenye mzigo. Ukikosea na kinga, unaumia goti na watu wanakucheka. Mtoto wa leo anatoka kwa miguu na kupanda injini moja kwa moja. Hakuna ngazi katikati.

Ile ngazi inaweza kurudishwa nyumbani. Kama kuna kinga, hata ya kuazima, mpe mtoto wa miaka 12 au 13, msichana na mvulana sawasawa, na mtume nayo dukani. Halafu mwulize alipita wapi, alikutana na nini kwenye kona, alisimama wapi. Majibu yake yatakuonyesha kama anaona barabara au anaona gurudumu lake tu.

Darasani tulifanya jaribio moja ambalo kila mama anaweza kulifanya na kamba. Pikipiki inayokwenda kilomita 30 kwa saa inakula mita 8 na zaidi kwa sekunde moja. Ikienda 60, inakula karibu mita 17. Sekunde moja ndiyo muda ambao mtu anatumia kuona hatari na kufikisha mkono au mguu kwenye freni. Maana yake, kabla freni haijaanza kushika, umekwisha kupita mita 17. Kisha ongeza njia ya kusimama yenyewe: mwendo ukiwa mara mbili, njia ile inakuwa mara nne. Na hesabu hiyo ni ya barabara kavu. Kwenye udongo wetu mwekundu baada ya mvua, kila mmoja anajua matairi yanafanya nini. Tulinyoosha kamba ya mita 17 uani, kutoka kwenye mti wa bendera mpaka mlango wa darasa, tukamweka mtoto mmoja mwenye beseni katikati. Vijana waliokuwa wanacheka walinyamaza.

Shirika la Afya la Ulimwengu, OMS, linasema ajali za barabarani ndizo zinazoua watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29 kuliko ugonjwa wowote. Shirika hilo hilo limewahi kusema kaske nzuri iliyofungwa vizuri inapunguza hatari ya kufa kwa 42 kwa mia, na kuumia kichwa kwa 69 kwa mia. Neno «iliyofungwa» ni la maana. Kaske iliyotundikwa kwenye usukani inalinda usukani.

Hapa lazima tuseme neno litakalotuuma sisi wenyewe. Nani anamfundisha mtoto kuendesha? Ni sisi, tukiwa abiria. Tunapanda watatu pikipiki moja kwa kuogopa kulipa mara mbili. Tunamwambia dereva, «Papa, ongeza mwendo, nimechelewa sokoni.» Tunapanda na mtu ambaye kinywa kinanuka lotoko, kwa sababu amepunguza bei. Mtoto amekaa kati yetu na dereva, anaona yote. Waliofika Kigali wameona dereva wa taksi-moto anamkabidhi abiria kaske kabla ya kuondoka, na hakuna anayebishana. Kwetu dereva akimwambia mama avae kaske, mama anamjibu kwamba ataharibu nywele. Tumecheka sana juu ya hilo katika kikao, lakini tulicheka kwa haya.

Kuna swali ambalo mama mmoja alituuliza mbele ya wote, na hatukuwa na jibu la haraka: «Na kama nyumba inakula kwa feza ya yule mtoto?» Hatuwezi kumwambia alale njaa. Tulichokubaliana ni hiki: mtoto wa miaka 15 anaweza kupata feza kando ya pikipiki bila kukaa juu yake. Anaweza kuziosha. Anaweza kukaa na kwado baada ya masomo, kuziba matairi, kukaza mnyororo, kubadilisha kamba ya freni. Feza ni kidogo kuliko ya taksi, ni kweli. Lakini akifikia umri wa permi atakuwa anajua tairi lililokwisha linafananaje, na hatampandisha mtu juu yake.

Yule mwanafunzi wetu sasa anakaa na kwado, saa mbili kila siku baada ya masomo. Noko aliuza pikipiki ili kusaidia kulipa deni lililobaki. Mama amerudi sokoni na chupa chache za mawese alizokopeshwa na wenzake wa chama chetu, na anazilipa pole pole. Msichana anatembea, lakini beseni bado hawezi kuibeba. Kila juma, kijana anapeleka sehemu ya feza yake kwa wazazi wa msichana. Hakuna aliyemlazimisha. Juzi alituuliza kama mtu aliyewahi kugonga mtu anaweza kupewa permi siku moja. Tulimwambia amebakiza miaka miwili, na kwamba kuanzia juma lijalo tutaisoma naye Kode ya barabara ya mwaka 1978, ukurasa kwa ukurasa. Kama mtoto wako naye anataka kusoma, mlete.