Mzio wa Mbwa Hautafutwi Puani

Mvua za Hombolo, mkoani Dodoma, ni za msimu mmoja. Huanza Novemba au Desemba, hukatika Aprili, na katika miaka ya kawaida hazipiti sana milimita 600. Baada ya hapo ardhi hukauka, mtama na uwele huvunwa na kupurwa, mifugo hutimua vumbi kwenye njia za kuelekea bwawani, na upepo wa kiangazi huzoa kila kilicholegea. Mbwa anayelala uani na kufuata mbuzi mchana kutwa, pua ikiwa karibu na ardhi, hana namna ya kukwepa kupiga chafya. Siku hizi jibu linalotolewa upesi ni kwamba ana aleji. Jibu hilo linaeleweka, kwani binadamu mwenye mzio tunamjua kwa chafya, makamasi mepesi na macho yanayowasha. Kwa mbwa mambo ni tofauti. Mzio wake hujionyesha zaidi kwenye ngozi, na anayeutafuta puani hukosea mara mbili: huita mzio kitu kisicho mzio, na mzio wenyewe ukiwepo, humpita.

Chafya peke yake ni ufagio tu. Ndani ya pua ya mbwa kuna mikunjo mingi ya mifupa myembamba iliyofunikwa na utando laini wenye unyevu, na humo zimo chembe za kunusia zinazoweza kufika milioni 300, wakati binadamu ana milioni chache. Kitu kikigusa utando huo, mishipa ya fahamu hupeleka taarifa kwenye ubongo, na hewa hutolewa kwa kishindo. Vumbi, moshi wa kuni, pilipili iliyomwagika, makapi ya mtama yanayopeperuka kwenye ungo: vyote hivyo humkera mbwa yeyote, hata mwenye afya tele. Mzio ni jambo jingine kabisa. Ni kosa la kinga ya mwili, ambayo imekutana na kitu kisicho na madhara, ikakiweka katika orodha ya maadui, kisha kila kikirudi inakishambulia. Ndiyo maana vumbi huwapigisha chafya mbwa wote wa boma, ilhali mzio huchagua mmoja na kuwaacha wenzake.

Wapo watakaouliza: kama si mzio, mbona kuna msimu? Msimu huo wenyewe ndio ushahidi. Chavua ya nyasi hujaa hewani wakati nyasi zinapotoa maua, yaani masika, si Agosti, zinapokuwa zimekauka au zimeliwa. Wadudu wadogo wa vumbi la nyumbani, ambao ni chanzo kikubwa cha mzio duniani, huhitaji hewa yenye unyevu ili wastawi, na kiangazi cha uwanda wa kati hakiwapi unyevu huo. Chafya zinazopamba moto wakati wa ukame na upepo zinaelekeza kidole kwenye vumbi lenyewe. Sisemi mbwa hapati kamwe mzio wa pua. Wapo wanaoupata, ila ni wachache, na wengi wao huwa wanajikuna pia.

Kujikuna ndiko kwa kuangalia. Mzio wa vitu vya hewani kwa kawaida huanza mbwa akiwa na umri kati ya miezi sita na miaka mitatu. Hulamba na kutafuna nyayo hadi manyoya yanabadilika rangi na kuwa ya kahawia, hujikuna makwapa na tumbo, na masikio huuma na kutoa harufu tena na tena. Mzio wa viroboto hukaa kiunoni na mwanzo wa mkia. Hapo tatizo ni mate ya kiroboto, na mbwa mwenye mzio huo huweza kuteseka kwa kuumwa na viroboto wachache tu. Katika boma lenye kuku, mbuzi na mbwa pamoja, ningeanza na viroboto kabla ya kulaumu upepo.

Kuna hata chafya zisizo na uhusiano wowote na uchafu. Mbwa wawili wakicheza hupigiana chafya fupifupi, kana kwamba wanaambiana kuwa ni mchezo tu. Mbwa mwitu, ambao kwetu Tanzania wapo katika hifadhi za Ruaha na Nyerere, wamepeleka jambo hili mbali zaidi: utafiti uliofanywa Botswana na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba chafya zikizidi katika mkusanyiko wao, uwezekano wa kundi kuondoka kwenda kuwinda huongezeka, na mkubwa wa kundi akianzisha safari, chafya chache zinatosha.

Hatari ya neno aleji ni kwamba linafunga uchunguzi mapema. Chafya za ghafla, za mfululizo, mbwa akijipangusa pua kwa mguu, mara nyingi ni kitu kilichonasa, kama mbegu ya nyasi yenye ncha inayosonga mbele tu bila kurudi. Makamasi mazito pamoja na tongotongo, homa na kuhara kwa mbwa asiyechanjwa yanaweza kuwa distempa, ugonjwa ambao mwaka 1994 uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti. Jino la juu lililooza huweza kuvujisha usaha puani. Na damu inayotoka tundu moja, wiki baada ya wiki, kwa mbwa dume anayezurura, inanifanya nifikirie uvimbe wa zinaa. Hii ni saratani ya ajabu, kwani chembe zake hai huhama kutoka mbwa mmoja hadi mwingine kwa kujamiiana, kunusana na kulambana, na madume huupata puani kuliko majike. Vidonge vya mzio vya binadamu haviugusi, na vile vilivyochanganywa na dawa ya kuzibua pua vinaweza kumdhuru mbwa vibaya. Daktari wa mifugo akiutambua, hutumia sindano ya vinkristini mara moja kwa wiki, kwa wiki kadhaa, na mbwa wengi hupona kabisa.