Moduli ya simu inapokaa kimya: namna ya kutafuta kosa katika nyaya

Vifaa vinavyotuma taarifa kwa kutumia mtandao wa simu za mkononi vimeenea katika pampu za maji, mitambo ya umeme wa jua na majokofu ya kuhifadhia chanjo. Hata hivyo, fundi anayekijaribu kifaa cha namna hiyo kwa mara ya kwanza mara nyingi hukutana na ukimya. Umeme umewashwa, nyaya zimeunganishwa, amri imeandikwa kwenye kompyuta, lakini hakuna jibu linalorudi. Wengi huamua kwamba kifaa kimekufa, ilhali kosa limo katika nyaya tatu zinazokiunganisha na kompyuta.

Gharama ya kukosea hapa si ndogo. Chanjo nyingi hutakiwa kuhifadhiwa katika nyuzijoto 2 hadi 8 za Selsiasi. Jokofu la zahanati ya mbali likipata joto usiku, ujumbe mfupi wa simu ndio unaoweza kumwamsha mhudumu kabla chanjo hazijaharibika. Kifaa kilichofungwa ukutani bila kujaribiwa ipasavyo hakitamwamsha mtu. Aidha, moduli iliyonunuliwa Dubai au London na kupelekwa nyumbani na ndugu si rahisi kuirudisha dukani, na ikitupwa kwa sababu ya waya mmoja uliowekwa mahali pasipo pake, hiyo ni hasara tupu.

Simu isiyo na kioo wala vitufe

Moduli ya simu, kwa mfano SIM900 iliyotengenezwa na kampuni ya SIMCom ya China, ni simu kamili ndani ya kibamba chenye upana wa milimita 24 kwa 24. Haina kioo wala vitufe. Badala yake hupokea amri za maandishi zinazoanza na herufi AT, ambazo ni ufupisho wa neno la Kiingereza lenye maana ya kumtaka mtu asikilize. Amri hizo zilianza mwaka 1981 katika modemu ya kampuni ya Dennis Hayes ya Marekani, iliyounganisha kompyuta kwa njia ya simu za waya. Baadaye zilipanuliwa na kuwekwa katika viwango vya kimataifa vya simu za mkononi. Fundi akiandika AT peke yake, moduli iliyo nzima hujibu OK.

Mazungumzo hayo hupita kwa njia ya mfuatano, yaani biti moja baada ya nyingine katika waya mmoja, mithili ya watu wanaovuka daraja la gogo. Waya wa kwanza, unaoandikwa TX, hupeleka. Waya wa pili, unaoandikwa RX, hupokea. Waya wa tatu ni wa ardhi, unaozipa pande zote mbili kipimo kimoja cha sifuri ya umeme. Pasipo waya huo wa tatu, upande mmoja hauwezi kujua volti za upande wa pili zimepimwa kutokea wapi, na majibu huwa ya kubahatisha au hayapatikani kabisa.

Kujaribu njia kabla ya msafiri

Hatua ya kwanza ni kuiweka moduli kando. Kompyuta za siku hizi hazina tena mlango wa mfuatano, hivyo hutumia kigeuzi kidogo kinachochomekwa kwenye mlango wa USB. Fundi huunganisha TX na RX za kigeuzi hicho kwa kipande cha waya, kisha huandika herufi zozote katika programu ya mawasiliano. Kila herufi inapaswa kurudi na kuonekana kwenye kioo. Waya ukiondolewa, herufi zinapaswa kutoweka. Zikiendelea kuonekana, basi ni programu yenyewe inayoziandika, na kipengele hicho kinafaa kuzimwa kabla ya kuendelea.

Herufi zisiporudi, kosa liko upande wa kompyuta, na moduli haina lawama. Huenda mlango uliochaguliwa katika programu si ule wa kigeuzi. Huenda kebo ya USB ni ya kuchajia tu, isiyo na nyaya za kupitishia data. Huenda programu nyingine imeushika mlango huo. Katika kompyuta za Linux, mtumiaji huweza kukosa ruhusa ya kuufungua mlango mpaka aingizwe katika kundi linaloruhusiwa. Vilevile huduma inayosimamia modemu huweza kuunyakua mlango pindi kifaa kinapochomekwa. Jambo jingine linalosahaulika ni udhibiti wa mtiririko. Programu ikiwa imepangwa isubiri ishara ya ruhusa kutoka katika waya wa nne ambao haupo, itangoja bila mwisho na haitapeleka hata herufi moja.

Jaribio hili lina mipaka yake. Halithibitishi kwamba kasi iliyochaguliwa ni sahihi, kwa kuwa anayepeleka na anayepokea ni yule yule. Halithibitishi pia kwamba volti za kigeuzi zinalingana na za moduli. Linathibitisha jambo moja tu, kwamba njia kutoka kwenye programu hadi kwenye ncha za nyaya iko wazi.

Mdomo kwa sikio

Baada ya hapo moduli huunganishwa. TX ya kigeuzi huenda kwenye RX ya moduli, na RX huenda kwenye TX, kwani mdomo wa mmoja huelekea sikio la mwingine. Tatizo ni kwamba baadhi ya watengenezaji wa bodi huandika majina kwa kuangalia upande wa kompyuta, hivyo TX iliyoandikwa kwenye bodi huwa ni mahali pa kuungia TX ya kompyuta. Maandishi peke yake hayatoshi kuaminiwa.

Mita ya kawaida ya umeme huondoa shaka hiyo. Waya wa kupeleka unapokuwa hauna ujumbe haukai katika sifuri. Katika moduli hizi hukaa juu, karibu na volti 2.8 au 3.3, na katika bodi nyingine volti 5. Fundi akiiwasha moduli kabla ya kuunganisha nyaya za data na kupima kutoka ardhini, ncha inayoonyesha volti hizo kwa uthabiti huenda ndiyo TX, ingawa ncha ya RX nayo huweza kuvutwa juu na sakiti ya ndani. Kwa hiyo kipimo hicho husomwa pamoja na mchoro wa mtengenezaji.

Mita ikionyesha volti hasi, kwa mfano kati ya 5 na 12 chini ya sifuri, hiyo ni habari nyingine. Ni dalili ya kiwango cha RS-232, kilichotolewa Marekani mwaka 1960 na ambacho bado kinapatikana katika mitambo ya viwandani. Kwa kiwango hicho, moja huwakilishwa na volti hasi kati ya 3 na 15, na sifuri huwakilishwa na volti chanya za kiasi hicho hicho. Kuunganisha waya wa namna hiyo moja kwa moja na moduli ya volti 3 huweza kuiua moduli papo hapo. Sharti pawepo chipu ya kubadilisha volti katikati. Kigeuzi cha volti 5 nacho hakifai kuungwa na moduli isiyo na kinga ya volti hizo.

Herufi zisizosomeka

Wakati mwingine jibu huja, lakini ni alama zisizo na maana. Mafundi wanaoanza huudhika, ilhali hiyo ni hatua mbele, kwa sababu inaonyesha kwamba moduli iko hai na waya wa kurudi uko mahali pake. Kilichobaki kutazamwa ni kasi.

Kwa kasi ya 9600, kila biti hudumu takriban sehemu 104 za milioni za sekunde. Kwa kasi ya 115200, hudumu chini ya sehemu 9. Hakuna waya unaopeleka mapigo ya saa. Kila upande huhesabu wenyewe tangu biti ya kuanzia. Mmoja akihesabu haraka na mwingine polepole, biti moja husomwa mara kadhaa, na herufi hugeuka kuwa nyingine. Dawa yake ni kujaribu kasi za kawaida moja baada ya nyingine, huku mpangilio ukibaki biti 8 za data, bila biti ya ukaguzi, na biti 1 ya kumalizia. SIM900 na nyingine za aina yake huweza kuitambua kasi zenyewe zikipelekewa AT mara kadhaa. Kasi ikishapatikana, ni vyema kuiweka iwe ya kudumu kwa amri ya AT+IPR na kuihifadhi kwa AT&W.

Ipo pia hali ambayo herufi A na T hurudi zikiwa safi, lakini OK haifuati. Hapo moduli imesikia, ila haijui kwamba amri imekwisha. Inasubiri alama ya kumaliza mstari, yenye namba 13 katika orodha ya herufi za kompyuta. Programu nyingine hupeleka alama namba 10 peke yake, ambayo haitoshi. Moduli za intaneti isiyo na waya za ESP8266, zilizoenea tangu mwaka 2014, zikiwa na programu yao ya amri za AT huhitaji zote mbili kwa pamoja, 13 kisha 10.

Moduli inayojizima

Kosa gumu kuliko yote hujificha katika umeme. Moduli hujibu OK vizuri, lakini inapoanza kutafuta mtandao au kupeleka ujumbe hujizima na kuwaka upya, na mawasiliano hukatika. Fundi hurudi kwenye nyaya za data, ambazo hazina kosa.

Wasikilizaji wa redio wanaifahamu sababu yake kwa masikio, ijapokuwa huenda hawakuitambua. Simu ya kizazi cha pili ikiwekwa karibu na redio, mara nyingi spika hukoroma sekunde chache kabla ya simu kuita. Mkoromo huo hutokana na simu kurusha mawimbi kwa mipigo ya mara 217 hivi kwa sekunde. Katika kila mpigo moduli huweza kuvuta ampea 2, kwa muda mfupi mno. Mlango wa kawaida wa USB 2.0 umekusudiwa kutoa nusu ampea. Volti hushuka ghafla, na moduli hujizima ili kujilinda. Mita ya kawaida haioni mshuko huo kwa kuwa ni wa haraka. Tiba ni chanzo cha umeme chenye nguvu ya kutosha, nyaya fupi na nene, na kapasita kubwa karibu kabisa na moduli.

Kujua mahali nyaya zinapoishia

Jibu la OK likishapatikana kwa uthabiti, maswali matatu hufuata kwa utaratibu. AT+CPIN? huuliza kama kadi ya simu imekubaliwa au inadai namba ya siri. AT+CSQ huuliza nguvu ya mawimbi, na jibu huwa kati ya 0 na 31, au 99 yasipojulikana. AT+CREG? huuliza kama mtandao umeipokea moduli. Namba ya pili katika jibu ikiwa 1, imesajiliwa nyumbani, na ikiwa 5, imesajiliwa ugenini. Namba 2 maana yake bado inatafuta, na 3 maana yake imekataliwa. Hata neno ERROR lina faraja yake, kwani moduli iliyoweza kukataa amri imeisikia amri hiyo.

Hapa ndipo wanaonunua vifaa ughaibuni wanapaswa kuwa waangalifu. SIM900 hutumia kizazi cha pili pekee. Nchini Marekani, kampuni ya AT&T ilizima mtandao wake wa kizazi hicho tarehe 1 Januari 2017, na nchini Australia kampuni ya Telstra ilikuwa imefanya hivyo Desemba 2016. Moduli inayojaribiwa mahali pasipo na mtandao huo itajibu OK kwa kila amri ya kawaida, lakini haitasajiliwa kamwe, hata nyaya zibadilishwe mara mia. Moduli hiyo hiyo ikifika Afrika Mashariki, ambako kizazi cha pili bado kinatumika katika masafa ya megahezi 900 na 1800, huweza kufanya kazi bila kuguswa.

Kwa hiyo utaratibu una thamani kuliko vifaa vya bei kubwa: njia ya kompyuta kwanza, kisha nyaya na volti, kasi, alama ya kumaliza mstari, umeme, na mwisho mtandao. Fundi abadilishe jambo moja kwa wakati mmoja na kuandika alichokiona. Na kabla ya kukifunga kifaa kwenye jokofu la zahanati, akiache mezani siku kadhaa kikituma ujumbe, kisha akijaribu tena pale pale zahanati, kwa kadi, antena na umeme utakaotumika. Ujumbe ukifika kwenye simu ya mhudumu kutoka mahali hapo, ndipo jaribio linapohesabiwa kuwa limekamilika.