Je, Wajua Kinachokula Tairi la Gari Lililoshushwa?

Gari likishushwa, macho ya kila mtu huenda kwenye ule mlalo wa matairi: juu yameingia ndani ya bodi, chini yametoka nje. Baada ya muda ukingo wa ndani unakuwa kipara ilhali kashata za nje bado nene, na lawama zote hutupiwa mlalo huo, ambao mafundi huuita kemba. Kemba ina makosa yake. Lakini mlaji mkubwa wa matairi ni mwingine, na kwa macho matupu ni vigumu kumwona.

Chukua Toyota Mark X, gari linaloshushwa sana Nairobi na Dar es Salaam. Mbele, kila gurudumu limeshikwa na mikono miwili, mmoja juu na mmoja chini, na wa juu ni mfupi. Ufupi huo ni wa makusudi. Gari likikata kona, bodi hulalia upande wa nje, na mkono mfupi huvuta kichwa cha gurudumu la upande huo kuelekea ndani ili tairi libaki limekanyaga lami sawasawa. Sasa ukikata springi, bodi inakaa chini muda wote kama gari lililo konani, hata barabara ikiwa imenyooka. Mlalo wa nyuzi 2 unaonekana mdogo, lakini kwa tairi la upana wa milimita 205 maana yake ni kwamba, kama mpira usingebonyea, ukingo wa nje ungekuwa milimita 7 juu ya lami. Mpira hubonyea, hivyo tairi lote linagusa chini, ila mzigo umelemea ndani.

Subaru Impreza ni habari nyingine. Mbele inatumia mpangilio wa Earle MacPherson, mhandisi Mmarekani, ambao Ford ya Uingereza iliuonyesha kwenye Consul na Zephyr mwaka 1950: shokapu yenyewe inafanya kazi ya mkono wa juu. Gari la namna hii likishushwa, kemba huongezeka kidogo tu, na mkono wa chini ukiinuka kupita kiasi, kemba huanza hata kupungua. Hata hivyo Impreza zilizoshushwa nazo humaliza matairi upande mmoja. Hapo ndipo inapobidi kumtafuta huyo mwingine.

Anaitwa tou. Ukiyatazama magurudumu mawili ya mbele kutoka juu, tou ni jinsi nyuso zake zinavyokaribiana au kuachana. Gari linaposhuka, tairodi, zile fimbo za usukani zinazogeuza magurudumu, hazikai tena katika ulalo zilizopangiwa, na kwa kuwa zinazunguka kwa njia tofauti na mikono, zinasukuma au kuvuta gurudumu hata kama dereva hajagusa usukani. Baadhi ya magari hugeuza magurudumu ndani, mengine nje. Kwenye rimu ya inchi 16, gurudumu likipinda milimita 1.5 tu kati ya ukingo wa mbele na wa nyuma, kila kilomita moja linalazimishwa kwenda upande kama mita 3.7. Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, kama kilomita 190, hizo ni karibu mita 700 za kuburutwa. Sehemu yake humezwa na mpira unaojipinda. Inayobaki husaga kashata. Kemba huchagua upande wa kuliwa, tou ndiyo inayokula.

Ushahidi uko kwenye kiganja. Gari likiwa limezimwa na tairi limepoa, pitisha kiganja juu ya kashata, kutoka nje kwenda ndani, kisha rudi. Tairi lililoliwa na kemba peke yake ni laini pande zote mbili, limepungua tu. La tou ni laini ukienda upande mmoja, na ukirudi linakukwaruza kama msasa. Likiwa laini kuelekea ndani, magurudumu yamekaribiana mno. Likiwa laini kuelekea nje, yameachana mno. Lakini kwanza angalia kama kuna waya zilizochomoza, zisije zikakukata, na zikiwepo tairi hilo halifai tena barabarani. Mbele, kata usukani mpaka mwisho ndipo utauona ukingo wa ndani. Nyuma, itabidi ulale chini na tochi, na huko ndiko waya hutokeza bila mwenye gari kujua.

Mabonde mabonde kuzunguka tairi ni kesi ya shokapu zilizochoka au balansi. Kingo zote mbili zikiisha, upepo ni mdogo. Ikiisha katikati, umezidi.

Ukienda kupima alainimenti, mwombe fundi atikise boljointi, bushi na ncha za tairodi kwanza, kwa sababu kipimo cha gari lenye kitu kilicholegea hakidumu. Kuna jambo moja ambalo ningependa kila karakana ilizingatie: bolti za bushi zikazwe gari likiwa limekanyaga chini. Zikikazwa gari likiwa juu ya jeki, mpira wa bushi unabaki umesokotwa mara tu gari linaposhushwa, na unachanika mapema. Kisha yapimwe magurudumu ya nyuma kabla ya mbele, maana nyuma ikiwa imepinda, dereva atalazimika kushika usukani upande ndipo gari liende moja kwa moja.

Tou ikisharekebishwa, tairi lenye makali litaendelea kuvuma kwa muda, na kosa si la fundi: mpira uliosagwa haurudi. Tairi lisilo na alama ya upande wa nje wala mshale wa mzunguko linaweza kugeuzwa kwenye rimu ili ukingo mnene uingie ndani, mradi ule ulioliwa bado una kashata za kutosha.