Dhikri ya Mwenye Kutembea Pasina Safari

Kila darasa la fiqhi linapomalizika, yupo anisogeleaye na swali lile lile, ambalo nimelijibu hata subira yangu imechakaa: mtu atokaye nyumbani kwake alasiri, asiye na safari wala shughuli, akazunguka ufukoni na vichochoroni huku ulimi wake ukimtaja Mwenyezi Mungu, je, dhikri yake yasihi, ilhali hana udhu, hakuelekea kibla, hakuhesabu, wala hana haja maalumu aiombayo? Yasihi. Laiti waulizaji wangetosheka na neno hilo, nami ningeishia hapa. Walakini wengi wao wamekwisha kuaminishwa na wauza nyiradi kwamba dhikri ya mwenye kutangatanga hupotea bure isipofungwa kwa idadi ya hatua, upande wa kuelekea na saa ya kuondokea, na kwamba siri ya mambo hayo matatu iko kwa mwalimu fulani, naye huitoa kwa ada.

Itikadi hiyo ni batili, nami sitaitafutia neno la upole. Mwenyezi Mungu, katika aya ya 191 ya Sura ya Aali Imran, amewasifu wenye akili kwa kumkumbuka wakiwa wima, wakiwa wameketi na wakiwa wamelala ubavu, wala sifa hiyo hakuishurutishia mahali wala mwelekeo. Bibi Aisha (r.a.), katika hadithi iliyomo katika Sahihi ya Muslim, ameeleza kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akimdhukuru Mola wake katika nyakati zake zote, na ndani ya nyakati hizo zimo, bila shaka, zile za kutembea na zile za kuwa pasina udhu. Jabir bin Abdillahi naye, kama alivyopokea Bukhari, amesimulia kuwa masahaba walipopanda walileta takbira, na walipoteremka walileta tasbihi, wala hatusikii kuwa kuna aliyehesabu hatua. Ikiwa kizazi kilichomwona Mtume kwa macho hakikuijua hesabu hiyo, huyu wa leo ameipokea kwa nani?

Wako watakaonirudishia kwamba tasbihi, tahmidi na takbira baada ya swala ya faradhi huhesabiwa 33 kila moja. Naam, huhesabiwa, kwa sababu aliyeiweka idadi hiyo ni Mtume mwenyewe. Na hata hapo, apunguzaye amekosa fadhila ya idadi ile, lakini dhikri yake haikubatilika. Ama mtu kujitungia idadi, akaifungamanisha na riziki, ndoa au maradhi ya watu, kisha akamtisha masikini wa Mungu kwamba akikosea hatua moja balaa litamrudia, huko ni kujipa cheo cha kuweka sharia. Na kutoza fedha kwa jambo ambalo Mola amelitoa bure ni dhulma juu ya dhulma. Wanaoumia ni wagonjwa na wenye dhiki, ambao badala ya kupata faraja kwa kumtaja Mola wao, hurejea majumbani na hofu ya kukosea hesabu. Na hilo ndilo liniudhilo kuliko yote.

Asili ya machafuko haya naijua: watu wamechukua masharti ya swala wakayavika dhikri. Katika madhehebu ya Shafii, kama alivyoandika Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, katika Minhaj isomwayo katika darasa za pwani yetu, msafiri aendaye kwa miguu ameruhusiwa kuswali sunna huku akitembea, illa huelekea kibla katika takbira ya kuhirimia, katika rukuu na katika sijda. Na rukhsa hiyo ni ya mwenye mahali maalumu aendako, si ya mzururaji asiyejua aelekeako, ambaye hata kukusuru swala hana ruhusa, japo mzunguko wake uwe mrefu. Mahali maalumu, basi, ni sharti la rukhsa ya swala. Kulihamishia sharti hilo katika dhikri ni kosa la fahamu.

Kwa ufupi, utembeapo: taja lililo jepesi ulimini, ukikumbuka haja iombe, usipokumbuka mhimidi Mola wako, yatosha. Punguza sauti, kwani masahaba walipopaza sauti safarini Mtume aliwakumbusha kuwa hawamwiti kiziwi wala asiyekuwapo. Qur'ani uliyoihifadhi waweza kuisoma bila udhu, ila mwenye janaba aiache mpaka akoge, na msahafu usiguswe ila kwa tohara. Uingiapo chooni, nyamaza. Uvukapo barabara, tazama magari kwanza. Wakati wa faradhi ukiingia, tafuta maji, elekea kibla, simama uswali. Faradhi haiswaliwi kwa kutembea ila katika hofu kubwa, kama ya vita.

Dhikri ya mwenye kutembea pasina safari ni ibada iliyotimia, na atakayekutaka fedha ili akupe hesabu ya hatua, usimpe hata senti moja.