Kompyuta haijui nani alikuwa mgonjwa

Wiki hii nazungumzia karatasi ambayo mwanao huleta nyumbani kila mwisho wa muhula: ripoti ya maendeleo yake shuleni. Siku hizi, katika shule nyingi za mijini, karatasi hiyo hutoka kwenye kompyuta. Imechapwa vizuri, ina wastani, ina gredi, ina nafasi ya mtoto darasani. Na kwa kuwa imechapwa, wazazi wengi huiamini kuliko ile iliyoandikwa kwa kalamu. Mimi siwakatazi kuiamini, lakini ni vizuri wajue inavyopikwa.

Asiyewahi kuwa mwalimu wa darasa hajui mzigo uliokuwapo zamani. Darasa lenye wanafunzi 45 na masomo tisa lina alama 405. Kila mwanafunzi ajumlishiwe, jumla igawanywe, kisha wote wapangwe kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Alama moja ikirekebishwa usiku wa manane, mwalimu anafuta jumla, anafuta wastani, na nafasi za watoto kadhaa zinavurugika.

Programu za majedwali zilizaliwa kutokana na adha kama hiyo. Mwaka 1978 Dan Bricklin, aliyekuwa akisomea biashara katika Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, alimtazama mwalimu wake akifuta na kuandika upya tarakimu nyingi ubaoni kwa sababu moja tu ilibadilika. Yeye na mwenzake Bob Frankston wakatunga programu iitwayo VisiCalc, ikaanza kuuzwa mwaka 1979. Excel tunayoijua leo, na Calc ya LibreOffice ambayo hutolewa bure, ni wajukuu wa programu hiyo.

Ukiifungua unaona visanduku vilivyopangwa kwa safu na mistari. Kila mwanafunzi hupewa mstari wake, kila somo safu yake. Pembeni mwalimu huandika amri: tafuta wastani wa visanduku hivi, ukiwa 75 au zaidi weka A, 65 hadi 74 weka B, 45 hadi 64 weka C, 30 hadi 44 weka D, chini ya hapo F. Alama moja ikibadilika, hesabu zote zinazoitegemea hujirekebisha zenyewe kabla hujapepesa macho.

Hadi hapo ni heri tupu. Tatizo ni kwamba mashine hii hutii amri, haiulizi maana. Nitataja mambo manne.

La kwanza ni mtoto ambaye hakufanya mtihani. Tuseme muhula ulikuwa na majaribio manne. Mtoto amepata 54, 56 na 58, na la nne alilikosa kwa sababu alilazwa hospitali kwa malaria. Kisanduku chake kikiachwa kitupu, mashine itagawa kwa tatu, wastani utakuwa 56, gredi C. Mwalimu akiandika sifuri, itagawa kwa nne, wastani utakuwa 42, gredi D. Mtoto ni yule yule, majibu yake ni yale yale. Katika hesabu za daraja, C ni pointi 3 na D ni pointi 4. Daraja la kwanza hukoma kwenye pointi 17 za masomo saba bora, la pili huanza 18. Kama somo hilo ni miongoni mwa saba zake, sifuri ile moja yaweza kumshusha daraja. Na kinyume chake, mtoro akiachiwa kisanduku kitupu, utoro wake hauonekani popote. Uamuzi huu ni wa shule, nao ufanywe mapema, uandikwe na utumike kwa wote. Aliyekosa kwa ruhusa aandikiwe neno, si tarakimu, ili kila anayesoma jedwali ajue.

La pili ni desimali iliyofichwa. Mwalimu akiiambia mashine isionyeshe desimali, wastani wa 44.5 utaonekana kuwa 45. Lakini ndani ya kisanduku bado ni 44.5, na amri ya gredi hutazama kilichomo ndani, si kinachoonekana. Basi watoto wawili wa dawati moja hurudi nyumbani na 45, mmoja ana C, mwingine ana D, na wazazi wanashuku upendeleo. Hapana upendeleo hapo. Dawa ni kuiamuru mashine ikadirishe wastani wenyewe kwanza, ndipo itoe gredi.

La tatu ni kupanga majina. Mwalimu anataka orodha ifuate alfabeti. Akichagua safu ya majina peke yake na kuamuru yapangwe, majina yanahama na alama zinabaki pale pale. Kwa mkupuo mmoja, darasa zima limevaa alama za wenzao. Mara nyingi programu huuliza kama safu za jirani nazo zihame; mwenye haraka hubonyeza bila kusoma. Ubaya wake ni kwamba jedwali linabaki safi, wastani wa darasa haubadiliki hata kidogo, na hakuna taa nyekundu itakayowaka.

La nne ni mwanafunzi aliyehamia katikati ya muhula. Jina lake huongezwa chini kabisa, lakini amri ya wastani wa darasa yaweza kuwa bado inaishia kwa mwanafunzi wa 45. Msidhani ni kosa la washamba. Wachumi wakubwa wawili, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walitoa makala mwaka 2010 kuhusu madeni ya serikali na ukuaji wa uchumi, ikanukuliwa na wanasiasa wa Ulaya na Marekani. Mwaka 2013 mwanafunzi wa chuo kikuu, Thomas Herndon, alipofungua jedwali lao alikuta, pamoja na kasoro nyingine, kwamba amri ya wastani iliishia kabla ya mwisho na kuacha nje nchi tano. Wenyewe walikiri kosa hilo la jedwali.

Je, turudi kwenye kalamu? La hasha. Kalamu nayo ilikosea, tena kila usiku. Ninachoomba ni kidogo. Walimu, itunzeni karatasi ya alama za mkono hata baada ya kuziingiza kwenye kompyuta. Kabla ya kuchapa ripoti, chagueni watoto watano, mmoja wa juu, mmoja wa mwisho na watatu wa katikati, mkawahesabie kwa mkono. Wekeni viwango vya gredi mahali vinapoonekana, maana hubadilika: matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2014 yalitolewa kwa GPA, na mwaka uliofuata madaraja yakarejea. Mwalimu aliyeficha viwango ndani ya amri hupata taabu kuvisaka.

Nawe mzazi, ukiona alama usiyoielewa, usianze na fimbo. Nenda shuleni kwa utulivu, umwombe mwalimu wa darasa akuonyeshe alama zilizozaa wastani ule, na umuulize siku ile mtoto alipokuwa mgonjwa iliandikwa nini. Mwalimu anayejua kazi yake atakufungulia jedwali bila kinyongo, na ikibainika kuna kosa, kulisahihisha hakumchukui hata dakika moja. Lakini mtoto aliyekwisha kuchapwa kwa sifuri isiyokuwa yake, fimbo ile hairudishwi.