Tufani na Mikungumanga ya Grenada

Upande wa pili wa bahari ya Atlantiki, katika visiwa vya Karibi, iko nchi ndogo iitwayo Grenada. Eneo lake lote ni kilomita za mraba 344 tu. Pemba peke yake yaizidi zaidi ya mara mbili. Twawaletea wanachama khabari zake kwa sababu watu wake ni wenzetu wa kazi. Sisi twategemea karafuu, wao wametegemea kungumanga, na walipopata uhuru mwaka 1974 waliitia kungumanga katika bendera yao.

Kuvuna kwao si kwa tabu kama kwetu. Hapana kupanda mpaka matawi ya juu na kuhatarisha viungo: tunda likiiva hupasuka, kungumanga ikaanguka, mwenye shamba akaokota na kuibandua basibasi yake. Tabu iko katika kupanda. Mkungumanga una dume na jike, na aliyeotesha mbegu hajui amepata nini mpaka mti utoe maua, baada ya miaka mitano au saba. Yamkini nusu ya miche yake ikawa dume, isizae kitu.

Tangu mwaka 1947 wakulima hao wana chama chao cha ushirika. Mkulima hupeleka mzigo kituoni, ukapimwa, akalipwa fedha ya kwanza. Baadaye huongezwa nyingine kwa kadiri ya mauzo ya ng'ambo. Kwa njia hiyo walisimama vizuri, wakawa wa pili duniani baada ya Indonesia.

Mwezi wa Septemba 1955 tufani iliyoitwa Janet iliwapiga ikaangusha sehemu kubwa ya mikungumanga. Wakapanda tena. Kisha kukawa shwari kwa miaka 49, hata watoto wa wakati ule wakawa wazee, na wengi wakaamini kwamba nchi yao iko kusini mno, tufani haifiki. Tarehe 7 Septemba 2004 ikaja Ivan. Watu 39 walikufa, nyumba kiasi cha tisa katika kila kumi ziliharibika, na hasara ilikisiwa kuwa mara mbili ya pato la nchi la mwaka mzima. Mikungumanga nayo, kiasi cha tisa katika kila kumi ilianguka au kuvunjika.

Safari hii miti haikurudi kama ilivyorudi baada ya Janet. Wenye mashamba wengi walikuwa watu wazima, na mashamba yamejaa magogo ambayo kuyaondoa kwataka fedha na vijana. Mzee wa miaka 65 akipiga hesabu ya mche wa kungumanga, huona kwamba atakayeokota ni mwengine. Wengi wakageukia kakao, ambayo huzaa mapema zaidi. Hatuwalaumu hata kidogo.

Serikali yao ilijifunza. Walipopanga upya madeni yao mwaka 2015 walipatana na wadai kwamba tufani kubwa ikipiga, malipo yaahirishwe. Beryl ilipopiga tarehe 1 Julai 2024, khasa katika kisiwa chao cha Carriacou, sharti hilo lilitumiwa, na mfuko wa bima ya misiba wa visiwa vya Karibi ukawalipa zaidi ya dola milioni 40. Ni akili njema, na nchi zote za visiwa zafaa kuitazama. Lakini fedha ya bima haiwezi kununua mti wenye umri wa miaka kumi.

Na sisi je? Wako wanaosema tufani si jambo la kwetu. Mwezi wa Aprili 1872, katika zama za Sayyid Barghash, tufani iliipiga Unguja ikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba ilinusurika, na bei ilipopanda faida ikawa yake. Tangu hapo ndiyo yenye karafuu nyingi. Ile ilikuwa bahati, wala hapana aliyeipanga. Na mwezi wa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika karibu na Mafia.

Mali ya kisiwa chenye miti ni ile miche inayokua chini ya miti mikubwa. Twajua mashamba mengi ambayo mikarafuu ni ya mababu, na palipokufa mti pamebaki pengo. Mara nyingi sababu si uvivu. Shamba ni la urithi usiogawanywa, na kila mrithi aogopa kupanda mti utakaoliwa na mwenziwe. Rai yetu ni kwamba warithi waandikiane mapema: atakayepanda na kutunza, sehemu yake ijulikane. Kijana apewe mapengo ya mzee kwa mkataba wa namna hiyo hiyo.

Mche wa mkarafuu hutaka kivuli, migomba yafaa sana, na mizizi yake haipendi kuguswa wakati wa kuuhamisha. Huanza kuzaa baada ya miaka sita hivi au minane. Kwa hivyo twaomba kila mwanachama, kabla ya masika, azunguke shambani mwake na kuandika hesabu tatu: miti inayozaa, miti iliyochoka, na mapengo. Hesabu hizo azilete chamani, nasi tutajua ni miche mingapi ya kuotesha vitaluni.